Karani wangu alitumia hela ya ofisi kununua barafu barabara ilipokatika Somanga. Nimtetee kwa lipi?

DirishaLaTiketi (Lindi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho. Jambo hili linaninyima usingizi, na Ijumaa natakiwa niwe nimeshalijibu.

Nasimamia ofisi ya mabasi hapa Lindi mjini, mwaka wa tisa sasa. Tuko wanne: mimi, binti wa tiketi, kijana wa vifurushi na mzee mlinzi. Makao makuu yako Dar. Kampuni sitaitaja, mnisamehe.

Mnakumbuka kimbunga Hidaya, Jumamosi ile ya tarehe 4 mwezi wa tano 2024. Ardhi ilikuwa imeshashiba maji ya El Nino na masika, mvua ya siku ile ikamalizia kazi. Barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, kule Kilwa. Ambao si wa huku mjue kwamba sisi watu wa Kusini njia yetu ya kwenda Dar ni hiyo moja. Ikikatika, unazungukia Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, zaidi ya kilomita elfu moja, au unakaa unasubiri.

Jumapili asubuhi basi letu lililotoka Lindi lilikuwa limekwama upande huu, lililotoka Dar limekwama upande ule, na mbele ya dirisha langu wako watu zaidi ya thelathini. Nikapiga simu Dar, haipokelewi. Ilipokuja kupokelewa saa nne nikaambiwa: "Usirudishe nauli ya mtu yeyote, subiri maelekezo." Maelekezo hayakuja siku hiyo wala kesho yake.

Nyuma ya kiti changu kuna fremu ya kioo iliyoletwa na makao makuu mwaka juzi. Imeandikwa MAADILI YETU: Uadilifu, Ubora, Ubunifu, Umoja, Mteja Kwanza. Alikuwepo mama mmoja amembeba mtoto mgongoni, mkononi ana barua ya rufaa ya Muhimbili kwenye mfuko wa nailoni ili isilowe. Alitaka arudishiwe nauli akatafute gari la kuzungukia Songea. Akanyoosha kidole juu ya kichwa changu, akasema taratibu tu, bila hasira: "Dada, hapo pameandikwa mteja kwanza. Mteja mwenyewe ndiye mimi." Nikamwambia asubiri, mama, tunawasiliana na Dar. Akasubiri mpaka adhuhuri akaondoka. Sijui alifikaje. Mpaka leo nikifunga ofisi namuona.

Wakati mimi naganda na simu sikioni, kijana wa vifurushi alikuwa upande wake na madeli manne ya samaki yaliyokuwa yaende Dar usiku ule. Maji ya barafu yalishaanza kuchuruzika kwenye kifuniko yakatambaa sakafuni mpaka kwenye miguu ya kaunta. Hakuniuliza. Alifungua droo ya vifurushi akatoa hela, akazunguka mitaani nyumba kwa nyumba akinunua barafu zile za kwenye nailoni, maana umeme ulikuwa unakatika na kuwaka na hapakuwa na mahali pamoja penye za kutosha. Akakata solotepu, akapanga upya samaki na barafu, safu kwa safu, akafunga. Kisha akawapigia wenye mali mmoja mmoja. Jumatatu, ilipokuwa wazi kwamba njia haifunguki leo wala kesho, wawili wakamwambia auze hapahapa Lindi. Akauza mbele ya mlinzi, akawatumia hela zao kwenye simu. Wawili walisema asubirie, akaongeza barafu. Hakuna deli lililooza.

Kwenye daftari la vifurushi aliandika kwa kalamu nyekundu: "Barafu 76 x 500 = 38,000. Dharura." Akasaini.

Nilimuuliza baadaye nani alimpa ujasiri ule. Akanionyesha jalada la ndani la daftari lilelile. Mzee mwanzilishi wa kampuni, marehemu sasa, alikuwa na desturi ya kuandika kwa mkono wake kwenye kila daftari jipya: "Mzigo wa mtu ni amana." Madaftari ya siku hizi yanachapwa, na sentensi ile wameiondoa. Kijana akaniambia, "Dada, amana nimefundishwa madrasa kabla sijafundishwa kuandika risiti."

Sasa makao makuu yamepitia hesabu. Wanataka 38,000 ikatwe kwenye mshahara wake na apewe barua ya onyo kwa kutumia fedha bila idhini. Papo hapo wananiagiza mimi niandike "mwongozo wa maadili wakati wa dharura" kwa ofisi zote za Kusini kabla mvua nyingine hazijaja. Vyote viwili wanavitaka Ijumaa.

Maswali yangu: nimtetee vipi huyu kijana? Na huo mwongozo niuandikeje ili siku nyingine karani asigande kama nilivyoganda mimi?

---

Mhasibu wa Ligula

Dada pole. Nitasema usichopenda, lakini nakusemea kwa nia njema.

Mimi ni mhasibu, niko Mtwara. Kijana alifanya la maana, ila makao makuu hawakuona barafu, wameona droo imepungua. Leo barafu, kesho karani mwingine atatoa laki mbili aandike "dharura" kwa kalamu nyekundu. Mtetee kwa karatasi. Chukua daftari, piga picha ukurasa ule, pata majina ya wenye madeli na miamala ya simu aliyowatumia, na thamani ya samaki waliookolewa. Kampuni ingelipa fidia kiasi gani kama madeli manne yangeoza? Weka namba hiyo kando ya 38,000, wasome wenyewe.

Na kwenye mwongozo weka kiwango. Karani anaweza kutumia hadi shilingi kadhaa bila kuuliza mtu, kwa mambo haya na haya, na aandike siku hiyohiyo. Asiyewekewa kiwango atakuwa ama mwoga ama mwizi, na wewe hutajua yupi ni yupi.

---

MizaniMbeleYangu (Masasi)

Dada Dirisha, nimesoma ya yule mama mwenye barua ya rufaa nikaweka simu chini kwanza.

Mimi nilikuwa msimamizi kwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho. Wafanyakazi karibu wote kina mama. Wanaoijua kazi hii wanajua: mafuta ya ganda yanaunguza vidole, unapaka majivu, unabangua, punje inakwenda kukaushwa, inamenywa ngozi, inapangwa kwa daraja. Malipo kwa kilo ya punje. Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye mizani.

Tajiri wetu hakuwahi kutundika fremu yoyote. Alikuwa na sheria moja aliyotuambia siku ya kwanza: mizani inaelekea kwa mbanguaji. Uso wa mizani unamtazama yeye, karani ndiye anayepinda shingo kusoma. Mama anataja kilo zake mwenyewe, karani anaandika alichokisikia na kukiona. Kama wanatofautiana, wanapima tena. Kila siku, miaka yote, hata tukiwa na haraka.

Ukaja msimu wa 2018. Mnakumbuka wote. Bei za mnadani wakulima walizikataa, na mwezi wa kumi na moja Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua yote kwa 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaingia kwenye maghala. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 akatakiwa kuhakikiwa shamba kwanza. Sisemi hapa ilikuwa sawa au si sawa, kila mtu wa huku ana yake moyoni. Ninachosema ni kwamba kiwanda kidogo kama chetu ghafla hakikuwa na korosho ghafi ya kununua.

Tajiri akatukusanya chini ya mwembe akafungua ghala tukaingia wote tukahesabu magunia kwa macho yetu. Akasema hizi zikiisha sijui zitapatikana lini, mnataka nusu yenu wafanye kazi kila siku au wote siku tatu kwa wiki? Kina mama wakajadiliana wenyewe kwa Kimakua na Kiyao mpaka jua likageuka, wakachagua siku tatu wote.

Wiki moja baadaye akaja mtu usiku na korosho za kangomba, yaani zilizolanguliwa kwa magendo kwa wakulima. Magunia mengi tu, bei ya kutupa, za wakulima waliokuwa na njaa wakauza kwa bakuli. Aliyekuwepo zamu ni karani wa mizani, binti wa miaka ishirini na tatu. Tajiri alikuwa Newala na simu haishiki. Binti akamkatalia. Tulipomuuliza asubuhi akasema: "Hizo korosho hazikupimwa mbele ya mwenyewe. Nitazipimaje mimi mbele ya wabanguaji?"

Hakuna aliyemfundisha kuhusu kangomba. Alifundishwa mizani tu, akaipeleka mpaka huko mwenyewe.

Na gharama ililipwa, nisiifiche. Tulifunga wiki kadhaa. Kuna mama aliuza mbuzi. Lakini korosho zilipopatikana walirudi karibu wote, na siku ya kwanza mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye mizani akaigeuza imtazame, kabla hata hajasalimia.

Kwa hiyo dada, mwongozo wako utafute kile kitendo ambacho makarani wako wanakifanya kila siku hata bila dharura. Hiyo sentensi ya amana kwenye jalada ninyi mlikuwa nayo. Wameichapa upya wakaitoa!

---

MtuWaMikindani

Naomba niseme na mimi, kifupi. Nilikuwa mhudumu kwenye nyumba ya wageni ya kitalii, sitaitaja. Chumba cha wafanyakazi palikuwa na ubao: "Sisi ni familia moja." 2020 korona ikaingia, mwezi wa nne ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, wageni wakaisha. Tuliliona, hatukuwa watoto. Tukapokea ujumbe kwenye kundi la WhatsApp kwamba tuko likizo, tutaitwa. Kisha tukaondolewa kwenye kundi mmoja mmoja.

Nilikaa mjini nalipa kodi ya chumba miezi mitatu nasubiri kuitwa. Mikorosho ya marehemu baba yangu iko Nanguruwe. Ningeambiwa kweli mwezi wa nne kwamba kazi imekwisha, ningekwenda kusafisha shamba nikapulizia salfa kwa wakati. Nilifika ugonjwa wa ubwiri unga umeshashika maua. Msimu ule nilivuna gunia moja na nusu.

Kupoteza kazi sikulaumu mtu. Neno likizo ndilo lililonimaliza.

Dada, kwenye mwongozo wako usiandike familia. Andika kwamba mtu ataambiwa ukweli siku hiyohiyo, hata kama ukweli wenyewe ni "hatujui barabara itafunguka lini." Yule mama mwenye mtoto angeambiwa saa mbili asubuhi kwamba nauli hairudi leo, angetafuta njia nyingine mapema. Aliambiwa subiri. Mimi najua subiri inagharimu nini.

---

MwalimuShangani

Nafundisha masomo ya biashara hapa Mtwara. Kuna kisa kimoja ninachokitumia darasani kila mwaka, nadhani kitakusaidia ukiwaandikia hao wa Dar, kwa sababu watu wa ofisini huwa wanaogopa mifano ya nyumbani na kuheshimu ya mbali.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa 1982, eneo la Chicago, Marekani, watu 7 walikufa baada ya kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol. Inaaminika mtu asiyejulikana alifungua chupa madukani akatia sumu ya sianidi. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yale. Watengenezaji, Johnson & Johnson, walikuwa na hati yao ya imani iliyoandikwa 1943 na Robert Wood Johnson. Uzuri wa hati ile ni mpangilio: wanaotangulia ni madaktari, wauguzi, kina mama na wengine wote wanaotumia bidhaa zao. Kisha wafanyakazi. Kisha jamii. Wenye hisa ndio wa mwisho. Chini ya mwenyekiti wao, James Burke, waliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 100, kisha wakarudi na chupa zenye kifungio ambacho kikiguswa kinaonekana.

Wanafunzi husimama hapo wakapiga makofi. Mimi huwaambia waendelee kusikiliza. Miaka michache kabla ya sumu ile, Burke alikuwa amewaita mameneja akawaambia: hati hii iko ukutani, kama hatuiamini tuibandue. Wakabishana nayo mstari kwa mstari. Kwa hiyo 1982 ilipofika hawakuwa wanaisoma kwa mara ya kwanza. Na kampuni hiyohiyo, yenye hati ileile, miaka ya baadaye ilishtakiwa na maelfu ya watu kuhusu poda yake ya watoto, na 2023 ikaacha kuuza duniani kote ile yenye talki. Yenyewe inashikilia kwamba poda ilikuwa salama. Wanafunzi wangu hubishana sana hapo, nami huwaacha wabishane.

Sasa rudi kwenye fremu yako. Maneno matano, yote mazuri, hakuna lililotangulia lingine. "Mteja Kwanza" iko ya tano kwenye orodha! Kwenye dharura swali huwa ni moja: vitu viwili vizuri vimegongana, nishike kipi? Hela ya tajiri au nauli ya mama. Fremu yako inanyamaza hapo. Ya marehemu mzee haikunyamaza.

---

DirishaLaTiketi (Lindi)

Wakuu, nimesoma yote zaidi ya mara moja. Mwalimu, miaka miwili nakaa chini ya ile fremu na sikuwahi kuona kwamba mteja kwanza iko ya tano.

Kaka mhasibu, nimefanya ulivyosema. Nimepata wenye madeli wote wanne kwa simu. Mmoja, mama wa makamo anayesafirisha nguru na kolekole, amekuja mwenyewe ofisini akasaini kwa dole gumba kwamba alipokea hela yake kamili. Thamani ya samaki wote ilikaribia laki tisa. Nimeiandika kando ya 38,000, sikuongeza neno.

Mwongozo nimeuandika leo. Umeishia nusu ukurasa. Nawawekea hapa kama ulivyo, mnikosoe:

"Mzigo wa mtu ni amana, na abiria ni zaidi ya mzigo. Njia ikikatika, aliye dirishani anawaambia watu anachokijua ndani ya saa moja, na asichokijua anasema hakijui. Asiyetaka kusubiri anarudishiwa nauli yake hapohapo, mgonjwa na mwenye mtoto wakitangulia. Karani anaweza kutumia hadi 50,000 kuokoa mali au kusaidia abiria bila kupiga simu popote, anaandika siku hiyohiyo na mwenzake anasaini. Aliyefuata haya hatakatwa mshahara, hata kama baadaye itaonekana kulikuwa na njia bora."

Hiyo sentensi ya mwisho niliifuta mara mbili nikairudisha mara mbili.

Nimempigia mtoto wa marehemu, ambaye ndiye tajiri sasa, bila kupitia kwa meneja. Inawezekana hilo nalo litaniletea barua. Nimemsomea yote kwenye simu. Akanyamaza muda mrefu nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza kama kweli lile daftari lenye mwandiko wa baba yake bado liko. Nikamwambia liko, limebaki kurasa kumi na moja. Akasema nisilitumie tena, nilipeleke Dar na gari la Ijumaa, na kijana asikatwe chochote mpaka alione.

---

MizaniMbeleYangu (Masasi)

Dada, usilitume kwenye buti. Mpe dereva mkononi.

---

DirishaLaTiketi (Lindi)

Kijana ameshalifunga kwenye nailoni mbili na solotepu. Ameliandikia risiti kama mzigo mwingine wowote, na anasema atampa dereva mwenyewe.